Mberoshi ni Mti Gani?

Masomo: 1 Wafalme 5 na 6, 1 Mambo ya Nyakati 22:1–5



Jumapili mbili zilizopita, kwenye darasa la vijana, tulikuwa tunasoma vile Sulemani aliagiza mbao kutoka kwa Hiramu, mfalme wa Tiro. Msichana mmoja wa kidato cha pili akainua mkono. "Mwalimu, mwerezi nimeuona kwa picha. Mberoshi ni mti gani?" Nikamjibu haraka haraka, "Ni saipresi, kama ile ya fensi." Tukaendelea na somo.

Jibu lile halikunipa amani. Kwanza, sio jibu kamili. Pili, mimi nimekuwa seremala kwa miaka zaidi ya arobaini, na kuna deni langu kwa kanisa hili linalohusu saipresi hiyo hiyo. Mchungaji ameniruhusu nitumie kurasa za wiki hii. Naomba mnivumilie, maana nitaongea juu ya miti kabla sijafika kwa deni.

Mti wa Biblia

Neno la Kiebrania ni beroshi, na ukilitazama utaona kwamba Kiswahili chetu kilichukua jina lile lile. Shida ni kwamba watafsiri hawakubaliani ni mti upi hasa. Biblia ya Kiingereza ya 1611 iliuita kwa jina la ule mti wa Ulaya ambao mmeuona kwenye kadi za Krismasi, mrefu, umechongoka juu, umebeba theluji. Tafsiri za baadaye zikasema ni saipresi. Nyingine zikasema ni ndugu ya mtarakwa wetu. Hata Biblia za Kiswahili, mahali pengine zinasema miberoshi na mahali pengine misunobari.

Kila upande una sababu yake, kwa kuwa milima ya Lebanoni ina miti hiyo yote. Mwerezi upo, saipresi ipo, jamii ya mtarakwa ipo, na ule mti wa kadi upo pia, umesimama pamoja na mierezi upande wa kaskazini wa nchi ile.

Huo mti wa kadi wataalamu wa misitu wanauita Abies. Afrika Mashariki hatuna hata mmoja wa asili. Katika Afrika yote unamea wenyewe kwenye milima ya Moroko na Algeria tu. Ukifika nchi za baridi, utautambua hivi: majani yake ni kama sindano, lakini ni bapa, na kila moja limeshikilia tawi peke yake, si kwa mafungu kama paini. Koni zake hazining'inii. Zinasimama wima juu ya tawi kama mishumaa, na zikikomaa hazianguki nzima kama za paini. Zinabomoka magamba moja moja huko huko juu, unabaki mti wa katikati tu. Kwa hiyo ukiokota koni nzima chini ya mti, ujue haikutoka kwa huo.

Kuna tabia yake moja ambayo mimi huipenda sana. Mche wake unaweza kukaa chini ya kivuli cha miti mikubwa kwa miaka mingi, hata makumi ya miaka, haufi na haukui kwa kusemekana. Unangoja. Siku mti mkubwa ukianguka na mwanga ukiingia, ndipo unainuka. Saipresi yetu haina subira hiyo. Ukiinyima jua inadhoofika.

Mbao yake ni nyeupe, nyepesi, haina harufu kali. Ulaya wanajengea nyumba, wanatengenezea masanduku na karatasi, lakini nje kwenye mvua inaoza upesi. Kuna aina ya Kanada inayotoa utomvu safi kabisa; ukikauka unabaki kama kioo. Kwa miaka mingi watu wa maabara walitumia huo kugandisha vioo vya hadubini. Wale waliosoma bayolojia zamani pengine waliutazama bila kujua.

Sasa tazameni Sulemani aliutumia wapi. Ukisoma 1 Wafalme 6, kuta za ndani zilikuwa za mwerezi, lakini sakafu ilikuwa ya mberoshi (mstari wa 15), na milango ile miwili mikubwa pia ilikuwa ya mberoshi (mstari wa 34). Na Ezekieli 27:5 inaeleza kwamba watu wa Tiro walipasua mbao za meli kutoka kwa miberoshi ya Seniri. Mimi kama fundi nasoma hapo kitu kimoja: ulikuwa mti mrefu, ulionyooka, wa kutoa mbao ndefu isiyojipinda. Mlango ukijipinda haufungi. Meli ikijipinda, mnajua wenyewe. Kwa hiyo uwe ni Abies au ni saipresi au ni ndugu ya mtarakwa, ulikuwa mti uliokomaa.

Ndugu yake aliye kwetu

Mtarakwa mnaujua. Wakalenjin wanauita tarakwet, na wazee wa huku husema Tarakwa, pale upande wa Kesses, ilipata jina kutoka kwa mti huo. Unamea milimani kuanzia Uarabuni, unashuka Ethiopia, unakuja kwetu Cherangany, Elgon na Mau, hadi Zimbabwe. Ni wa jamii moja na ule wa Lebanoni ambao wengine wanasema ndio mberoshi wenyewe. Wakati wa ukoloni ulipasuliwa na kusafirishwa ng'ambo kutengeneza penseli, kwa sababu unachongeka vizuri bila kumeguka. Nguzo yake ya fensi mchwa hauitaki. Nimeng'oa nguzo za mtarakwa zilizochimbiwa kabla sijazaliwa, na ukizikata bado ndani ni nyekundu na zinanukia.

Lakini mtarakwa ni mti wa polepole sana, na ule wa msitu wa serikali hauruhusiwi kukatwa kiholela. Ndiyo maana mbao tunayoijengea hapa Eldoret karibu yote ni saipresi na paini, ambayo ni miti ya kigeni.

Saipresi yetu ina kichekesho ndani ya jina. Kitaalamu inaitwa lusitanica, maana yake ya Ureno. Lakini Ureno sio kwao. Kwao ni Mexico na nchi za jirani. Watu waliiotesha Ureno zamani, wazungu wengine wakaikuta huko, wakaipa jina la huko. Kenya ilifika mwanzoni mwa karne ya 20. Kulikuwa na ndugu yake mwingine kutoka California aliyepandwa pia, lakini ugonjwa wa kuvu ukamshambulia vibaya hadi akaachwa, tukabaki na huyu wa Mexico. Na huyu naye alipata jaribu lake. Mwaka wa 1990 wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, vidukari vya saipresi, waliingia Kenya wakitokea kusini, ambako walionekana Malawi 1986. Wenye umri wangu mnakumbuka fensi za mji huu zilivyogeuka kahawia kama zimepitiwa na moto. Hata mtarakwa msituni uliguswa. Baadaye wataalamu walileta nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya vidukari, na miti ikapata nafuu.

Huku kwetu, kwenye mwinuko wa mita 2,100 na zaidi, na mvua yetu hii, saipresi inanenepa haraka. Ukipita Kaptagat au Timboroa unaona shina la miaka kumi na tano likiwa limejaa mikono yote miwili. Hapo ndipo macho hudanganyika.

Mbao ya utotoni

Hiki ni kitu nilichofundishwa nikiwa kijana kwenye kiwanda cha kupasua mbao, na ninataka kila mmoja mwenye miti shambani akielewe.

Kila mti unabeba ndani yake utoto wake. Miviringo ile ya kwanza kumi au kumi na mitano iliyo karibu na moyo wa shina ni mbao ya utotoni. Mti ukizeeka hauifanyi kuwa ya utu uzima. Inabaki pale pale katikati, na mbao iliyokomaa inaongezwa nje yake. Mbao hiyo ya utotoni ni laini na ni dhaifu. Zaidi ya hayo, nyuzi zake ndogo ndogo zimelala upande upande badala ya kusimama na urefu wa mti. Kwa hiyo ikikauka, inafupika kwa urefu. Mbao iliyokomaa haifupiki hivyo. Inapungua unene na upana tu, urefu unabaki karibu ule ule.

Sasa chukua mti wa miaka kumi na minne. Karibu shina lote ni utoto. Pasua ubao ambao upande mmoja uko karibu na moyo na upande wa pili uko karibu na gome. Ukikauka, upande mmoja unavuta na mwingine hauvuti. Ubao unajipinda kama uta. Msumari hauwezi kuuzuia, kwa sababu nguvu inatoka ndani.

Ongeza na mafundo. Saipresi haiangushi matawi yake ya chini yakifa. Yanabaki yamekauka pale, shina linanenepa na kuyameza. Tawi lililomezwa likiwa limekufa halishikani na mbao. Mbao ikikauka fundo linalegea, siku moja linadondoka, unabaki na shimo. Dawa yake ni kupogoa mapema, tawi likiwa bado hai na jembamba, ili mbao safi ijenge juu ya kidonda. Mti ukishakuwa mkubwa umechelewa, maana fundo liko ndani tayari.

Ndiyo maana saipresi ya mbao huachwa miaka 25 hadi 30. Wakati huo, utoto umebaki kipande kidogo cha katikati, na fundi mwaminifu anaukata na kuutenga.

Deni langu

Mnakumbuka Februari 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma. Ilisemwa ni siku 90, ikaongezwa, ikaongezwa tena, hadi 2023. Sina ubishi na sababu zake. Mito ilikuwa inakauka. Lakini bei ya mbao ilipanda hapa mjini hadi watu wakaanza kutegemea malori ya paini kutoka Tanzania, na waliokuwa na miti shambani wakaanza kukata hata ile michanga. Ni katika siku hizo, 2019, tulipotaka kuezeka ukumbi wa watoto. Mimi nilikuwa kwenye kamati ya ujenzi, na kwa mambo ya mbao wote walinitazama mimi.

Mama mmoja wetu, mjane wa upande wa Kaptagat, alijitolea. Mume wake alikuwa amepanda saipresi mwaka wa 2005. Tulienda naye shambani. Akaniuliza, "Fundi, wewe ndio unajua. Hizi zimeiva kweli? Marehemu mzee alisema zingoje wajukuu."

Nilijua hazijaiva. Nilihesabu miaka kwa vidole nikiwa nimesimama pale pale. Lakini pesa za harambee hazikuwa zinatosha mbao ya dukani, na nilikuwa nimeshawaahidi watu kwamba Pasaka itatupata ndani. Nikamwambia, "Mama, zimeiva. Kazi ya Bwana haingoji." Akasema amina.

Tulikata Jumatatu. Wiki hiyo hiyo zikapasuliwa. Hazikupangwa kivulini na vijiti katikati ili hewa ipite; hakuna aliyengoja zikauke. Baada ya wiki mbili mabati yalikuwa juu, na mlinipigia makofi.

Mwaka wa 2021, mvua ya Aprili, mnajua kilichotokea. Trasi zilikuwa zimejipinda, misumari imechomoka, mabati yameachana, na maji yakawa yanaingia juu ya madawati ya watoto. Kamati ikaita fundi aliyeezeka, kijana wa kanisa hili hili, wakati huo ana miaka ishirini na sita. Akaulizwa mbona misumari ni michache, mbona trasi ameziachanisha sana. Alijaribu kusema ni mbao. Watu wakanitazama mimi, na mimi nikatazama chini.

Sikusema uongo. Nilinyamaza tu, na kunyamaza kukafanya kazi yote ya uongo. Kijana alikosa kazi mbili baada ya pale kwa sababu ya jina lile, akahamia Kitale. Yule mama alikuja siku ya kubomoa paa, akawapikia mafundi chai, hakuuliza kitu. Mbao za mume wake zikauzwa kuwa kuni.

Wapendwa, fundi yule hakuwa na kosa. Misumari ilitosha na nafasi za trasi zilikuwa sawa. Nilizipima mimi mwenyewe baadaye, peke yangu, nikanyamaza tena. Kosa ni langu. Nimeshaenda kwa huyo mama na nimemwambia hivi hivi nilivyoandika. Nimewaambia wazee wa kanisa. Naandika hapa kwa sababu lawama ilitolewa mbele za watu.

Ukisoma 1 Mambo ya Nyakati 22, Daudi anakusanya mierezi isiyohesabika kwa nyumba ambayo hataijenga yeye, kwa sababu anaona mwanawe bado ni mchanga na kazi ni kubwa. Nimehubiri mlango huo labda mara tano. Lakini sikuwahi kuona kwamba zile mbao zilikaa. Daudi alizikusanya, akafa, Sulemani akaketi, na ilikuwa mwaka wa nne wa ufalme wake ndipo nyumba ilianzwa, ikachukua miaka saba. Na hata alipoagiza mbao zaidi kwa Hiramu, wale watu 30,000 aliowapeleka Lebanoni walienda kwa zamu, mwezi mmoja kazini, miezi miwili nyumbani. Hakuna mahali naona mtu amekimbizwa. Ile "kazi ya Bwana haingoji" niliyomwambia mama wa watu sikuitoa kwa Biblia. Niliitoa kwa hofu ya kuaibika Pasaka.

Jumamosi

Wengi mnajua kwamba Aprili 2022 tulipanda miche 200 ya saipresi kwenye shamba la mama huyo, badala ya ile tuliyokata. Tuliachanisha mita mbili na nusu kila upande. Sehemu kubwa imeshika. Imefika kimo cha kupogolewa na tumechelewa kidogo tayari.

Jumamosi hii, saa mbili asubuhi, gari litatoka kanisani. Ninaomba vijana hasa. Njooni na msumeno wa mkono, sio panga. Panga linachana gome, na kidonda kilichochanika kinaingiza ugonjwa hadi moyo wa mti. Tutapogoa nusu ya chini ya kila mti, nusu ya juu tunaiacha na majani yake, maana mti unakula kwa majani. Tawi linakatwa karibu na shina, lakini halikwaruzi shina. Matawi tutamwachia mama kwa kuni. Yule msichana wa kidato cha pili aje pia. Nitamwonyesha kwa nini nilikosea kumjibu, na nitaleta kipande cha mtarakwa anuse.

Miti hiyo itakuwa tayari kama mwaka wa 2050. Mimi nitakuwa na miaka 88, Bwana akipenda. Tumeandika kwenye kitabu cha kanisa, na mama ameweka sahihi, kwamba isikatwe kabla ya 2047, hata kamati ikisema nini, na hata fundi mkubwa akisema nini.

Nimempigia simu yule kijana wa Kitale. Nilimwambia kila kitu, nikamwomba msamaha, na nikamwomba ruhusa ya kuandika haya. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani laini imekatika. Kisha akauliza Jumamosi ni saa ngapi. Amesema atakuja na msumeno wake mwenyewe, kwa sababu ule wa kanisa anaujua.